Mwenzi wa Mstaafu

Watu wanadhani kazi ya farasi ni kuwapanda. Mimi nimeifanya miaka thelathini na moja na sijawahi kukaa juu ya mgongo wa farasi hata mmoja. Kazi yangu ni kujua nani anaweza kula na nani.

Zizi letu si la kuuza farasi wala la mashindano. Watu wa mjini wenye farasi na wasio na uwanja wanatuletea tuwalelee. Wenyewe wanakuja jioni au mwisho wa juma, wanawapiga brashi, wanazunguka nao kidogo, wanakwenda zao. Yanayobaki ni yetu: kulisha, kuzoa samadi, kubadilisha maji, na kila asubuhi kuwatoa mabandani kwenda malishoni, kila mmoja na wenzake. Malisho tunayo sita, yamezungushiwa uzio wa umeme. Farasi walikuwa kumi na wanne. Farasi akiwa peke yake hatulii, anatembea kando ya uzio tangu asubuhi mpaka jioni, hali, anakonda kwa mawazo kama mtu. Lakini huwezi pia kumweka na yeyote uliyemwokota. Kuna wanaopendana, kuna wanaovumiliana, na kuna ambao ukiwaweka pamoja utamwita daktari kabla ya saa nne.

Ndiyo maana ukutani pana ubao, umeandikwa namba za malisho na chini yake majina. Farasi mmoja akija au akiondoka, ubao mzima unatikisika. Unamhamisha huyu, yule anabaki mpweke, unamletea mwingine, na kule ulikomtoa huyo mwingine wanaanza kugombana. Nimefuta na kuandika ubao ule mpaka chaki imehamia kwenye mikunjo ya vidole vyangu. Mwenye zizi, ambaye sote tunamwita Bwana Ratiba kwa sababu hata kupiga chafya angependa kuwe na saa yake, anataka ubao ukishaandikwa usiguswe. Nilimwambia farasi hawajui kusoma. Akasema ndiyo maana yeye yupo.

Kazi yenyewe tunaifanya wawili, mimi na mkaza mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, anaonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Mimi na mkewe ndio tunaoonana, jikoni na kazini, asubuhi na jioni, mpaka tumechoshana bila hata kugombana.

Basi mambo haya yalianza alipoondoka Pacha.

Pacha na Mstaafu walikuwa pamoja malisho namba nne kwa miaka tisa. Mstaafu ni farasi wa kahawia, umri miaka ishirini na sita, na kwa farasi hiyo ni kama mimi na zaidi. Meno yamepungua, nyusi zimeingia mvi. Tulimwita Mstaafu kwa sababu hana kazi anayofanya isipokuwa kuwa hai. Mwenye farasi huyo ni fundi saa, ana kibanda chake mjini cha kutengeneza saa za mkononi. Alimnunua kwa ajili ya binti yake. Binti akajifunza kupanda, akakua, akaolewa, akahamia mbali, baba akabaki na farasi kama mtu aliyeachiwa mwavuli na mgeni aliyeusahau. Hampandi. Kila jioni akifunga kibanda anakuja, anamchana, anamkagua kwato, anamwambia mambo kwa sauti ya chini. Sijawahi kusogea nisikie.

Mwenye Pacha alihamishwa kikazi, akaja na lori, akamchukua farasi wake. Mstaafu alimwita mwenzake siku tatu. Siku ya nne sauti ilikuwa imekwisha, anafungua mdomo tu. Majani alikuwa hayagusi.

Bwana Ratiba akatuita, mimi na Fundi Saa, penye bomba la maji. Alisema kwa adabu, sitamsingizia. Alisema malisho ni sita, farasi mmoja hawezi kukalia malisho mazima, na kushinda bandani kutwa hakufai kwa miguu ya mzee. Alitoa mwezi mmoja. Mstaafu asipopata mwenzi katika mwezi huo, Fundi Saa atafute mahali pengine. Sote watatu tulijua mahali pengine hapapo. Nani atapokea farasi wa miaka ishirini na sita? Daktari wa mifugo alikuwa pale ananawa mikono. Bila kumtazama mtu akasema, ikifika huko mniite mimi, asipate taabu. Fundi Saa akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa mvua inakuja.

Baadaye alinifuata bandani, akasimama na brashi mkononi haitumii.

"Bibi," akasema, "huyu ndiye aliyebaki nyumbani kwangu."

Nikamwambia nitajaribu. 

Nikaanza na malisho namba mbili, kwa Bwana Harusi na kundi lake. Bwana Harusi ni mweupe, anajipenda, hata kwenye tope anachagua pa kukanyaga. Alimwangalia Mstaafu, akageuka, akarusha teke lililopita shubiri moja kutoka kwenye mbavu. Nikamtoa. Nikajaribu kwa wale wawili wafupi wa namba tano. Hawakumpiga, lakini malisho ya wafupi tunayaacha na majani machache makusudi, maana wakishiba wananenepa mpaka miguu inauma, na Mstaafu alikuwa tayari anaonyesha mifupa. Wiki mbili zikapita hivyo. Kila nikifuta ubao, Bwana Ratiba anapita nyuma yangu anakohoa.

Akabaki Mama Mkwe.

Jina hilo alipewa na mkaza mwanangu. Ni farasi jike mweusi, mwenyewe ni daktari wa meno, na sisi tuliona inafaa, maana farasi yule anang'ata. Wiki ya kwanza alimshika mkaza mwanangu koti begani, akaliachia, halafu akamtazama juu mpaka chini kana kwamba anapima kama anafaa kupewa mume. Mkaza mwanangu akasema huyu ni mama mkwe kabisa. Kisha akakumbuka niko nyuma yake na toroli la samadi. Akasema, si wewe mama, nasema kwa jumla. Nikamwambia hiyo jumla ndiyo inayoniuma. Jina likabaki.

Mama Mkwe alikuwa anatolewa nusu siku peke yake malisho namba sita, na hilo lilimkera Bwana Ratiba kama jiwe kwenye kiatu. Wawili hao wakipatana, malisho namba sita yanaokolewa na mzee anapona. Nikasema basi, liwalo na liwe.

Kuna njia tunayoitumia kwa wagumu. Farasi anamjua mwenzake kwa pua kuliko kwa macho. Kwa hiyo unachukua ile dawa ya kuchua ya mafua, ya kopo dogo, tunayowapaka watoto kifuani, unawapaka wote wawili puani. Hapo kila mmoja ananusa dawa tu. Mgeni hanuki ugeni. Wanashinda pamoja wakiwa wamepumbazwa, na mpaka pua zifunguke wameshazoeana. Lakini dawa ni ya siku mbili. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe na ndivyo nilivyomfundisha mkaza mwanangu: siku mbili, baada ya hapo wapatane wenyewe au watengane. Ukizidisha unajidanganya.

Siku ya kwanza nikawapaka, wakala kwa amani, mkia wa huyu ukimfukuzia nzi yule. Siku ya pili hivyo hivyo. Jioni Fundi Saa alisimama ugani muda mrefu, halafu akachukua ufagio akafagia njia yote ya mabandani, kazi isiyo yake. Bwana Ratiba yeye alichukua brashi ya rangi, akaandika majina yao chini ya namba nne kwa rangi ya mafuta. Si chaki. Rangi.

Siku ya tatu sikuwapaka. Nilimtoa Mama Mkwe kwanza, kama kawaida. Hiyo nayo ni sheria yangu ya siku zote: mwenye fujo atoke kwanza, waliobaki watulie. Ukimchelewesha yule anapiga mlango mateke mpaka bawaba zinalia. Nikarudi nikamleta Mstaafu, nikamfungua kamba. Hakufika hatua kumi. Mama Mkwe alilaza masikio, akaja kwa mbio, akamsukumia kwenye kona ya birika la maji na kumng'ata begani. Mzee hakupigana. Alisimama kichwa chini, kama anayesubiri jike amalize. Mimi niliingia na toroli, nikaliweka katikati, nikamtoa. Ngozi ilikuwa imechubuka upana wa kiganja.

Ilikuwa mapema, hakuna aliyeona. Nikampaka ile dawa ya zambarau ya vidonda, na mkaza mwanangu alipofika nikamwambia amejikwaruza kwenye nguzo ya lango. Kisha nikatoa kopo mfukoni, nikawapaka wote wawili, nikawarudisha. Wakala kwa amani kutwa.

Nilijiambia ni siku moja zaidi. Kesho yake nikasema hivyo tena.

Ikawa wiki, ikawa mbili, ikafika tano. Kila asubuhi ilinibidi nifike zizini kabla ya mtu mwingine yeyote, niwapake, nifute vidole, nimtoe jike, nimtoe mzee. Nilikuwa naamka kabla ya majogoo. Mkaza mwanangu akauliza mbona siku hizi tunaachana njiani. Nikamjibu usingizi wa uzee ni mfupi. Muuza duka wa pale kwetu akauliza ni mafua gani hayo yasiyokwisha nyumbani kwangu, akanishauri nimpeleke mtoto hospitali. Wajukuu wakaanza kunikwepa kwa harufu. Siku moja tukiwa tunakunja matandiko, mkaza mwanangu alininusa begani.

"Mama, siku hizi unanuka mafua," akasema.

Nikamwambia ni goti, nalichua. Na goti lenyewe lilikuwa linauma kweli, kwa hiyo uongo ukapata pa kuegemea. Lilikuwa linavimba kila jioni, kutokana na kutembea kwenye umande na kuinama chini ya vichwa vya farasi wasiotaka kupakwa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawasemi inavyochosha ukiipita kila siku asubuhi.

Mara nyingi nilitaka kusema. Lakini nimwambie nani? Nikimwambia Bwana Ratiba, ni Mstaafu anayeondoka. Nikimwambia Fundi Saa, nitakuwa nimempa mzigo asioweza kuutua popote. Na mkaza mwanangu, yule niliyemfundisha siku mbili siku mbili, nitaanzia wapi? Kwa hiyo nilinyamaza, na kila nilipopita mbele ya ubao, rangi ile ilinitazama.

Asubuhi ya wiki ya sita goti lilikataa. Sikuanguka wala sikuteleza. Niliweka mguu chini pembeni ya kitanda na mguu haukunipokea. Nikajaribu mara ya pili, nikarudi kulala nikiwa nimeshika shuka. Mkaza mwanangu alisikia, akaja, akaliona goti lilivyofura. Akaniwekea mto chini yake na maji karibu, akasema leo nisiguse mlango, kazi ataifanya yeye.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Alikuwa amesimama mlangoni anafunga kitambaa kichwani. Kopo lilikuwa chini ya mto wangu. Nikamwambia amwache Mstaafu bandani mpaka nije. Akauliza kwa nini. Nikasema bega lake silipendi. Akasema bega limepona zamani, na Bwana Ratiba akimkuta ndani wakati ubaoni ameandikwa nje, patakuwa na hotuba. Nikasema mwache tu. Akasema sawa mama, kwa ile sawa ninayoijua, ya kumnyamazisha mgonjwa. Nikasikia lango la nje likifungwa.

Nililala nikihesabu hatua zake. Sasa amefika kona. Sasa amepita shuleni. Simu yake niliipiga, ikalia jikoni, alikuwa ameiacha inachaji. Nikaona lile bega, na kile kichwa kilichoinama penye birika. Safari hii hakutakuwa na toroli. Na atakayeshika kamba ni yeye, na atakayeulizwa ni yeye.

Nikaondoka. Nilichukua ufagio wa jikoni, nikaugeuza, nikaufanya gongo. Njia ya dakika ishirini niliipita kwa zaidi ya saa nzima. Watu walinipita wakinisalimu na kuniuliza nafagia barabara yote. Sikuwa na nguvu ya kuwajibu.

Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda. Sikuenda mabandani, nilikwenda moja kwa moja namba nne, nikashika nguzo. Walikuwa wote wawili humo. Walikuwa wanakula. Mama Mkwe alikuwa hapa, Mstaafu hapa, kichwa cha huyu penye mkia wa yule, na waliposogea walisogea pamoja. Nilisimama nikingoja alaze masikio. Hakulaza. Nikapita chini ya uzio, sijui kwa mguu gani, nikamfikia jike, nikampitisha kidole puani. Pakavu. Nikanusa kidole. Harufu ya farasi.

"Mama, unafanya nini humo?" Mkaza mwanangu alikuwa langoni na ndoo mbili, uso umemwiva kwa hasira. "Nimekuacha kitandani."

Nikamuuliza amewatoaje.

"Nimewatoaje vipi? Kwa kamba."

"Nani alitangulia?"

Akatua ndoo. Akasema alimtoa Mstaafu kwanza. Banda lake ndilo la karibu na mlango, na anatembea taratibu, kwa hiyo akaona aanze na yeye, amwache akila huku anarudi kumchukua yule mwingine. Mama Mkwe alipiga mlango kidogo, akamwacha apige. Alipomleta, jike alisimama langoni akatazama, kisha akaingia kwa adabu kama mgeni anayekuta wenyeji wako mezani. Akauliza kama kuna ubaya.

Nilikaa chini, pale pale kwenye majani. Kumbe ndivyo. Kila asubuhi nilimtangulizia jike malisho yote, nikampa muda wa kuyaona ni yake, halafu nikamletea mtu mlangoni. Nani asingekasirika? Halafu nikamziba pua ili asijue amevamiwa. Wiki tano. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watu mwenye fujo atoke kwanza, na nimeitamka sheria hiyo kama sala.

"Nilikufundisha jike atoke kwanza," nikamwambia. "Kwa nini hukufuata?"

Alisita, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mama, usipokuwepo huwa nafanya ninavyoona rahisi."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kitu kingine, nikafunika uso. Akaja akachuchumaa mbele yangu. Hapo nikamwambia yote: kopo, siku ya tatu, bega, nguzo ambayo haikumkwaruza mtu, muuza duka na mafua yake. Nilimwambia tangu mwanzo bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika sitarudi tena.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisimama, akaenda hatua chache, akarudi.

"Kwa hiyo leo," akasema, "ningefanya ulivyonifundisha, yule angemrarua mzee wa watu mbele yangu. Na mimi nisijue kwa nini. Na Fundi Saa aje jioni aniulize mimi."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa unajua hivyo pale kitandani."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia bega hulipendi."

Alibeba ndoo zake akaenda, na tangu hapo mpaka mchana hakunisemesha. Alifanya kazi ya watu wawili kwa kelele, kila mlango ukifungwa nausikia. Mimi nilikaa penye kivuli cha ghala la majani makavu na goti langu. Haki yake. Mimi kama ningetendewa hivyo na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ningerudi kwetu. Saa saba aliniletea chai, akaiweka chini bila kunitazama, akasema wakati anaondoka kwamba Fundi Saa nitamwambia mimi mwenyewe, leo, si kesho. Nikasema ndivyo nilivyopanga. Sikuwa nimepanga, lakini aliposema nikaona hakuna njia nyingine.

Fundi Saa alikuja jioni na brashi yake. Mstaafu alikuwa amesharudi bandani. Nilijikongoja mpaka pale, nikaegemea nusu ya chini ya mlango, nikamwambia. Yeye aliendelea kuchana wakati nasema, taratibu, kutoka shingoni kushuka, mpaka alipofika lile bega. Hapo mkono ulisimama. Kovu limebaki, nywele zimeota nyeupe.

"Nilijua si nguzo," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Bibi, mimi kutwa nashinda natazama vitu vidogo. Nguzo haina meno ya juu na ya chini."

"Na hukusema."

"Ningesema ungelazimika kumtoa." Akaendelea kuchana. "Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Kila jioni nilikuwa nikifika namkagua kwanza upande huu, kisha upande huu. Nikikuta hakuna jipya, ndipo navua koti."

Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo huo na mtu mwingine, kila mmoja upande wake, hatujaambizana. Nikamwambia ukweli uliobaki: kwamba leo wamekaa vizuri bila dawa, lakini leo ni siku moja tu. Huenda ni huko kutangulia, huenda ni bahati, huenda jike alikuwa ameshiba. Siwezi kuapa. Nikamwambia kesho tutawatoa tena vile vile, mzee kwanza, pua kavu. Jike akimgusa, mimi nitakwenda kwa Bwana Ratiba kumwambia afute ile rangi, na sitapaka tena. Siwezi. Nimechoka.

Alifikiri kidogo. Akauliza tunawatoa saa ngapi. Nikamwambia. Akasema kibanda kitafunguliwa kwa kuchelewa, wenye saa watakisia wakati.

Kesho yake mkaza mwanangu alinipeleka kwa baiskeli, nimekaa nyuma mguu umenyooka, haongei ila kuniambia nishike vizuri. Fundi Saa tulimkuta langoni mwa namba nne amevaa koti lake la kazini. Tulisalimiana kama watu waliofika msibani. Mkaza mwanangu akaingia mabandani peke yake. Nilitaka kumwambia ashike kamba fupi, nikajizuia, anajua.

Akamleta mzee. Mstaafu alitembea kama anavyotembea, kila mguu ukiuliza ruhusa. Akafunguliwa, akanusa chini, akapiga hatua chache, akaanza kula. Kule ndani Mama Mkwe akaanza kupiga mlango. Teke moja, la pili, la tatu, mbao za mlango zinapasua masikio. Mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe ukamfungulie. Nikaushikisha nguzo. Fundi Saa alikuwa anatazama saa yake, si kwa kujua wakati, nadhani, ila kwa kupata pa kuweka macho. Mkaza mwanangu hakukimbia. Alimwacha mzee ale mpaka akatulia kabisa, ndipo akarudi ndani.

Jike akaja kwa kishindo, shingo juu. Langoni akasimama. Masikio yakalala. Nilimsikia Fundi Saa akivuta pumzi, asiitoe. Mkaza mwanangu akasimama naye tu, kamba haikuvutwa wala kulegea, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Mstaafu akainua kichwa, akamwona, majani yananing'inia mdomoni. Akaendelea kutafuna. Masikio ya jike yakasimama, kwanza moja, kisha la pili. Kamba ikafunguliwa. Akaingia, akampita mzee kwa upana wa mkono, akachagua majani yake kando yake, akainama.

Tulisubiri. Jua lilitoka vizuri, umande ukaanza kupotea kwenye kwato zao, na wao walikuwa bado wanakula, wakisogea pamoja kidogo kidogo kuelekea birika. Fundi Saa akasema afadhali aende, kuna watu watakuwa wamesimama mlangoni kwake. Hakwenda. Baadaye kidogo ndipo alipokwenda, akitazama nyuma.

Mkaza mwanangu alikunja kamba mbili begani. Akaniuliza sasa anayefuata ni yupi, na kwa utaratibu upi, ule wa zamani au ule wake. Nikamwambia sijui, mwanangu, achague yeye, na mimi nitashika malango. Walikuwa wamebaki mabandani farasi kumi na mmoja.